Uzi maalumu: Kufundisha ikolojia nje ya darasa, vipimo, vifaa na pale zoezi linapokwama

Fundi_Fremu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa walimu, walezi wa klabu za mazingira na wanaoongoza matembezi ya umma. Ikolojia inafundishwa sana kwa mchoro wa ubaoni: nyasi, panzi, chura, nyoka, mishale minne, kisha "tutunze mazingira" na kengele inalia. Msimamo wangu ni kwamba zoezi la nje lisiloishia kwenye namba inayojibu swali ni matembezi tu. Kwa hiyo tuanze na swali, vifaa vitafuata.

Swali liwe dogo. "Je, mazingira yetu yana afya?" halijibiki kwa kipindi kimoja. "Je, kivulini kuna aina nyingi za mimea kuliko mahali pa wazi?" linajibika kwa dakika 80, hata darasa likiwa na watu 40. Naanza na hilo.

Tengeneza fremu za sentimita 50 kwa 50, kwa vijiti au bomba jembamba la plastiki. Funga nyuzi ndani yake kila baada ya sentimita 10. Unapata miraba 25, na kila mraba ni asilimia 4 ya eneo la fremu, kwa hiyo kukadiria kiasi cha ardhi kilichofunikwa kunageuka kuwa kuhesabu miraba. Gawa darasa vikundi 10 vya watu wanne: mmoja anaweka fremu, wa pili anahesabu, wa tatu anaandika, wa nne anahesabu upya bila kuangalia daftari. Vikundi vitano kivulini, vitano mahali pa wazi, kila kikundi fremu mbili. Jumla fremu 10 kwa kila eneo.

Mahali pa kuweka fremu ndipo wengi wanapoharibu. Kurusha fremu mgongoni hakuifanyi sampuli iwe ya bahati nasibu: mtu anarusha karibu, anakwepa miiba, na bila kujua anaelekea penye maua. Isitoshe, fremu inaweza kumpiga mtu kichwani. Tandaza kamba mbili zilizokutana kwa pembe mraba, kila moja ina alama kila mita. Weka vikaratasi vya namba kwenye mfuko, chomoa viwili: cha kwanza ni mita za kwenda mbele, cha pili ni za kwenda pembeni. Namba ikiangukia penye udongo mtupu, fremu inakaa hapohapo na sifuri inaandikwa. Sifuri ni data.

Mmea ulio kwenye ukingo: wenye kugusa upande wa juu au wa kushoto unahesabiwa, wenye kugusa upande wa chini au wa kulia unaachwa. Kanuni hii isemwe kabla ya kutoka darasani, la sivyo kila kikundi kitakuwa na ya kwake na tofauti mtakayoiona itakuwa ya wahesabuji.

Majina ya kisayansi yasimkwamishe mtu. Kila aina mpya ipewe herufi, na jani lake moja libandikwe kwenye karatasi kubwa inayotumiwa na vikundi vyote. Karatasi hiyo ikikosekana, mmea A wa kikundi hiki utakuwa mmea D wa kile, na orodha ya aina itavimba bure.

Hesabu sasa. Fremu moja ni mita za mraba 0.25, kumi ni 2.5. Mimea 35 ya aina A ukigawa kwa 2.5 unapata 14 kwa mita ya mraba. Kosa linalojirudia ni kugawa kwa 10 na kuandika 3.5, ambayo ni idadi kwa fremu. Nyasi zinazotambaa usizihesabu shina kwa shina, hujui mmoja unaishia wapi. Tumia asilimia ya kufunika. Jumla ya asilimia ikivuka 100 msishtuke, majani hupandana.

Muda: dakika 10 za maelekezo ndani, 35 uwandani, 10 za kwenda na kurudi, 25 za hesabu na mjadala. Mwalimu akila dakika za mjadala, somo limeishia kwenye kuhesabu majani.

---

Kokotoo

Mkuu, fremu 10 umezipata wapi? Kwa nini zisiwe 5 au 30?

---

Fundi_Fremu

Swali zuri, na lina jibu ambalo wanafunzi wanaweza kulichora wenyewe. Andika wastani baada ya fremu ya 1, kisha wastani wa 1 na 2, kisha wa 1 hadi 3, uendelee hivyo. Chora grafu. Mwanzoni mstari unapanda na kushuka sana, baadaye unatulia. Pale unapotulia ndipo idadi inatosha kwa eneo hilo. Mimea ikiwa imetawanyika sawasawa, hata 6 zinaweza kutosha. Ikiwa imejikusanya mafungu mafungu, 10 ni chache na grafu yenyewe itakwambia.

---

Udongo_Hai

Naongezea zoezi linaloshangaza watu kuliko yote kwa gharama ndogo: faneli ya Berlese, chombo cha kuwatoa viumbe wadogo kwenye majani yanayooza. Antonio Berlese aliieleza mwaka 1905 akitumia joto la maji, Albert Tullgren akaweka taa mwaka 1918. Inafanya kazi kwa sababu viumbe wa kwenye majani yanayooza hukimbia joto, mwanga na ukavu. Wanashuka, wanaishiwa pa kukanyaga, wanadondoka.

Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5 au 2. Kata theluthi ya juu, igeuze kichwa chini ndani ya sehemu ya chini, bila kifuniko. Weka wavu wa matundu ya milimita 2 hadi 5 kwenye shingo pana ya faneli. Jaza majani yanayooza pamoja na udongo wa juu kabisa, unene wa sentimita 5 hivi. Chini weka karatasi yenye unyevu kama unataka viumbe hai, au spiriti ya asilimia 70 kama unataka kuwahifadhi. Juu, taa ya kizamani ya waya wa kung'aa, wati 25 hadi 40, sentimita 15 kutoka kwenye majani. Acha saa 24 hadi 48.

Yanayokwamisha:

Majani yakikaushwa haraka, wenye ngozi laini wanakufa kabla hawajafika chini. Anza na taa juu zaidi, ishushe baada ya saa kadhaa.

Udongo ukimwagika kwenye chombo cha chini, hutaona kitu. Jaza faneli ukiwa umeishikilia juu ya karatasi, igonge kidogo, rudisha kilichodondoka, ndipo uiweke juu ya chombo.

Sampuli isiyo na lebo ni takataka. Mahali, tarehe, kina, ujazo. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.

Na tafadhali, taa isiachwe bila mtu usiku kucha juu ya majani makavu. Spiriti nayo inashika moto. Kama hakuna wa kukesha, washa mchana, zima jioni, endelea kesho.

Mtawaona utitiri wengi, mikia-fyatuo (wale wadogo wanaojirusha ukiwagusa), tandu wachanga, jongoo, mabuu. Lenzi ya mkono yenye ukuzaji wa mara 10 inatosha kuwagawa kwa idadi ya miguu: sita, minane, mingi, hakuna. Mwanafunzi aliyekwisha kuhesabu viumbe 60 kwenye konzi mbili za majani haulizi tena kwa nini majani yasichomwe.

---

Taa_Nyeupe

Samahani mkuu, taa za LED ndizo zilizopo siku hizi. Zinafaa?

---

Udongo_Hai

Kwa faneli hii hapana, au zinafaa kidogo sana. LED inatoa mwanga bila joto la kutosha kukausha majani kutoka juu, na ukavu unaoshuka polepole ndio unaowasukuma. Bila taa yenye joto, weka faneli mahali penye joto na mwanga lakini jua lisiipige moja kwa moja, subiri siku nne hadi saba, na tandaza majani membamba zaidi. Mavuno yatakuwa madogo. Ukilinganisha maeneo mawili, hakikisha yote mawili yametumia njia ileile.

---

Mkondo_wa_Mawe

Niingie kwenye maji, maana huko ndiko ikolojia inapokutana na uchafuzi na watu wanaelewa haraka.

Wadudu na viumbe wengine wa sakafu ya kijito wana faida moja ambayo kipimo cha kemikali hakina: wamekaa pale wiki na miezi. Maji machafu yaliyopita juzi usiku hayapo tena kwenye chupa yako leo, lakini waliokufa hawajarudi.

Wavu uwe na matundu ya nusu milimita hadi milimita moja. Mshika wavu anauweka chini, mdomo ukielekea maji yanakotoka. Mwingine anasimama mbele ya wavu, upande wa juu wa mkondo, anakoroga mawe kwa mguu dakika tatu, akigawa muda huo kwenye mawe, changarawe na mimea ya ukingoni. Mimina kwenye trei nyeupe yenye maji. Subiri dakika mbili bila kugusa; wakianza kusogea utawaona.

Kwa wanaoanza, makundi machache yanatosha. Tunutu, yaani wadudu wachanga, wa nzi wa mawe (mikia miwili, kucha mbili kila mguu) hawavumilii maji yenye oksijeni kidogo. Tunutu wenye mikia mitatu na matamvua ya kupumulia ubavuni nao wengi wao ni wa maji safi. Katikati wapo kereng'ende na mbawakawa wa maji. Ukikuta minyoo myembamba na mabuu mekundu peke yao, oksijeni imeshuka. Wekundu ule ni hemoglobini, inawasaidia kuishi pale wengine wanapokosa pumzi. Afrika Kusini wana mfumo wa miniSASS wa kupima afya ya mito kwa viumbe hawa, uliotengenezwa kwa ajili ya watu wasio wataalamu, kila kundi lina alama zake. Gawa jumla ya alama kwa idadi ya makundi uliyoyapata. Wastani huo ni mwaminifu kuliko jumla, kwa sababu kikundi kilichokoroga kwa bidii kitapata makundi mengi na jumla kubwa hata kama maji ni yaleyale.

Kosa kubwa: kulinganisha sehemu ya mawe na mkondo mkali dhidi ya sehemu ya matope yaliyotulia, kisha kulaumu uchafuzi. Viumbe wake ni tofauti hata pasipo tone la uchafu. Linganisha mawe kwa mawe. Anza na kituo cha chini ya mkondo ndipo upande cha juu, usije ukajichafulia sampuli mwenyewe.

Usalama hauna mjadala. Maji yasizidi magoti, mvua ikinyesha juu ya bonde zoezi linaahirishwa, na mahali penye kichocho hakuna mwanafunzi anayeingia majini. Mwalimu mwenye buti ndefu za mpira anachota, wao wanapanga trei ukingoni wakiwa na glovu. Maji ya trei yasishikwe kwa mikono mitupu.

Kuhusu oksijeni: maji baridi yasiyo na chumvi yanabeba oksijeni nyingi kuliko ya moto. Yakishiba, kwa nyuzi 20 za Selsiasi ni miligramu 9.1 hivi kwa lita, kwa nyuzi 30 ni 7.5. Kwa hiyo kila kipimo cha oksijeni kiandikwe pamoja na halijoto na saa. Bwawa la kijani kibichi likipimwa saa tisa alasiri linaonekana zuri ajabu, kwa sababu mwani uko kwenye usanisinuru. Pima bwawa hilohilo kabla ya mapambazuko, baada ya viumbe wote kupumua usiku mzima, ndipo utajua samaki wanafia wapi.

---

Kamba_Nne

Kuna mchezo unatumika kila mahali: wanafunzi duara, kila mmoja kiumbe, wanarushiana uzi hadi unakuwa utando, mwalimu anasema "mnaona, kila kitu kimeungana". Unafaa?

---

Nishati_Moja

Unafaa nusu. Tatizo lake ni kwamba kila uzi unaonekana sawa na mwingine, na somo linaishia pale ambapo swali ndilo lilipaswa kuanza. Urekebishe hivi: kila mlaji ashike nyuzi kwa idadi ya vyakula vyake. Mwondoe kiumbe mmoja, uzi wake uachiwe. Aliyebakiwa na uzi mwingine anabaki amesimama. Aliyekuwa na mmoja tu anakaa. Rudia kwa kumwondoa kiumbe tofauti. Wanafunzi wataona kwamba kuondoka kwa wengine kunaangusha wengi na kwa wengine hakutikisi, na wataanza kuuliza kwa nini. Kisha waambie wataje kinachoongezeka pale mlaji anapoondoka, maana wengi wanadhani madhara hupanda juu tu kwenye mnyororo.

Kwa nishati, acha uzi, tumia maji. Lita 1 ni wazalishaji. Mimina mililita 100 kwenye chombo cha mla mimea, 10 kwa mlanyama wa kwanza, 1 kwa bomba la sindano kwa wa pili. Mililita moja ikikaa pembeni ya lita, mtu anaelewa kwa nini wanyama wakubwa wawindaji ni wachache. Lakini sema mambo mawili bila kuruka. Asilimia 10 ni makadirio. Kwa kawaida huwa kati ya 5 na 20. Na ile 90 haikuyeyuka hewani kimiujiza: sehemu haikuliwa, sehemu ilitoka kama kinyesi na kuwaendea viozeshaji, sehemu kubwa ilitoka kama joto la kupumua. Maada inazunguka, nishati inapita. Mchoro wa duara unaochanganya vyote viwili umeharibu madarasa mengi.

Na kwa siku za mvua, weka maharage zaidi ya mia kwenye mfuko usioonyesha ndani. Toa 40, yatie alama kwa kalamu ya wino mzito, rudisha, tikisa vizuri. Toa 50. Yakiwa na alama 10, makadirio ni 40 mara 50 gawa kwa 10, yaani 200. Kisha hesabu yote mezani mlinganishe. Zoezi linakuwa tamu pale unapovunja masharti makusudi: ongeza maharage mapya (wamezaliwa), futa alama za machache (alama imetoka), tikisa vibaya (hawajachanganyika). Kila kundi lieleze makadirio yameelekea juu au chini, na kwa nini. Ukihamia kwa konokono halisi, alama iwe ndogo na ikae upande usioonekana na ndege, vinginevyo umewauza.

---

Mtahini

Mmesahau kupima kama watu wameelewa. Swali la "taja faida tano za misitu" linapima kukariri. Tumia hili, kabla na baada ya mada: mche umekaa kwenye ndoo miaka mitano, umeongezeka kilo 70. Hizo kilo zimetoka wapi?

Wengi watasema udongoni. Mwanasayansi Jan Baptist van Helmont alipima jambo hili, matokeo yakachapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake: mti wa mwerebi kwenye kilo 90 hivi za udongo uliokaushwa, miaka mitano, akimwagilia maji tu. Mti ulitoka kilo 2 na ushee ukafika kama 77, udongo ukapungua gramu 57 hivi. Alihitimisha kwamba ni maji peke yake, na hapo ndipo darasa linampita: sehemu kubwa ya uzito mkavu ni kaboni kutoka kwenye hewa ya ukaa. Mwanafunzi asiyelijua hili hawezi kuelewa kwa nini kukata msitu na kuuchoma kunagusa tabianchi, atabaki kusema "miti inaleta hewa safi".

Swali la pili: tundu la ozoni na ongezeko la joto ni kitu kimoja? Usishangae ukipata "ndiyo" hata kwa watu wazima wenye shahada.

---

Bango_la_Njiani

Nizungumzie umma, maana wao huwezi kuwapa mtihani na wanaweza kuondoka wakati wowote.

Azimio la Tbilisi la 1977, la mkutano wa kimataifa wa elimu ya mazingira, liliweka malengo matano ya elimu ya mazingira: mwamko, maarifa, mtazamo, ujuzi na ushiriki. Kampeni nyingi zinaishia kwenye la kwanza kisha zinalalamika kwamba watu hawabadiliki. Mtu anayejua plastiki ni mbaya lakini hana pa kuitupa, ataitupa mtaroni akiwa na mwamko wake kamili.

Mabango: liwe na wazo moja lililoandikwa kama sentensi nzima. "Ndege wa ziwani" ni kichwa tu. "Matope haya yanalisha ndege waliovuka mabara" ni wazo. Maneno yasizidi 70 hadi 100. Herufi za kusomwa kutoka mita 3 ziwe na urefu wa sentimita 2.5 hivi. Na liwekwe pale kitu chenyewe kinapoonekana. Bango la vipepeo kwenye maegesho ya magari ni hasara ya mbao.

Kosa ambalo watu wema hulifanya ni kutangaza ukubwa wa uovu. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walijaribu mabango kwenye hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, ambako wageni huokota vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lililosema wageni wengi waliopita wamechukua vipande lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotiwa alama. Lililoomba tu watu wasichukue, chini ya asilimia 2. Ukiandika "kila mtu anatupa taka hapa", umemwambia mpita njia kwamba kutupa ni kawaida ya mahali hapo.

Matembezi: watu 15, wasizidi 20 kwa kiongozi mmoja, vituo vitano hadi saba, cha kwanza kiwe ndani ya dakika tano za mwanzo. Kiongozi ndiye anayetazamana na jua, wageni waupe mgongo. Subiri wa mwisho afike ndipo uanze kusema. Kila kituo kiwe na kitu cha kugusa, kunusa au kuhesabu. Orodha ya majina ya Kilatini iache kwenye begi.

---

Mche_Mmoja

Na siku za kupanda miti je? Ndizo shughuli za umma tunazofanya zaidi.

---

Bango_la_Njiani

Zina kazi, zikifanywa kama somo. Kwanza uliza kama mahali pale palikuwa na miti. Nyika ya asili ikipandwa miti inapoteza mimea na wadudu wanaotaka jua, na maji ya ardhini yanaweza kupungua. Pili, toa mfuko wa plastiki na unyooshe mizizi iliyojizungusha. Mche uliopandwa na mfuko wake hudumaa kisha hufa, na ndilo kosa la kawaida umati ukiwa na haraka ya picha. Shingo ya mche isifukiwe chini ya ilipokuwa kitaluni. Tatu, kila mche upewe namba na ukaguliwe baada ya miezi 3, 6 na 12: hai, umekufa, umeliwa, haupo. Gawa walio hai kwa waliopandwa. Takwimu ya kutangaza ni hiyo ya mwezi wa 12. "Tumepanda miche 5,000" ni hesabu ya mashimo.

---

Fundi_Fremu

Hapo kwenye "umeliwa" na "haupo" msiunganishe safu kwenye fomu. Umeliwa unahitaji uzio, haupo unahitaji mazungumzo na majirani. Atakayekuwa na fomu yake ya uwandani aibandike hapa tuikague safu kwa safu.